Msalaba wa Njia Panda

Mwaka 2019 nilikuwa nimekwisha kustaafu kwa miaka kumi. Mjukuu wangu, ambaye wakati huo alikuwa mwaka wa tatu wa masomo ya sheria, alikuja likizo na bunda la karatasi, akaniwekea mezani na kusema, "Babu, wewe uliyekuwa ukitusahihishia barua zetu, hebu nisahihishie na hii." Ilikuwa ni hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani, iliyotolewa tarehe 20 Juni mwaka huo, kuhusu msalaba mmoja unaosimama kwenye makutano ya barabara katika jimbo la Maryland. Nilidhani ni mzaha wa kijana. Hata hivyo nilitafuta miwani na kalamu nyekundu, nikaanza kusoma. Kazi hiyo ilinichukua siku nne, maana Kiingereza cha mahakama si kile tulichokuwa tukikifundisha darasani.

Ninaandika tahakiki hii kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza ni kwamba swali lililokuwa mbele ya majaji wale ni letu pia: je, mnara au alama ya dini ina nafasi yoyote katika ardhi ya Serikali? Sababu ya pili ni ya aibu kidogo. Nilipofika katikati ya hukumu ile nilizikuta hoja zangu mwenyewe, zile nilizoziandika mwaka 1988 katika barua moja ya ofisi. Nitaifikia barua hiyo. Kwanza sina budi kuieleza kesi yenyewe.

Bladensburg ni mji mdogo usio mbali na Washington. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha mwaka 1918, watu wa wilaya ya Prince George's walitaka kuwakumbuka vijana wao waliokufa vitani. Walichangishana, fedha zikawaishia njiani, ndipo chama cha askari wastaafu kiitwacho American Legion kikaipokea kazi hiyo mwaka 1922 na kuikamilisha mwaka 1925. Walichokijenga ni msalaba wa zege wenye kimo cha futi 32, juu ya kitako kikubwa chenye bamba la shaba. Kwenye bamba hilo yapo majina ya marehemu 49. Weupe na weusi wameandikwa pamoja, jambo ambalo halikuwa dogo katika Marekani ya ubaguzi wa wakati ule. Siku ya kuuzindua, padri Mkatoliki alifungua kwa sala na mchungaji wa Kibaptisti akafunga.

Miaka ilipita, magari yakaongezeka, na msalaba ukajikuta katikati ya makutano ya barabara kuu. Mwaka 1961 tume ya Serikali inayosimamia bustani na mipango ya eneo lile iliutwaa msalaba pamoja na kiwanja chake, sababu mojawapo ikiwa ni usalama wa barabarani. Tangu hapo ukawa mali ya umma, na umma ukawa unalipia matunzo yake, zaidi ya dola 100,000 kwa jumla. Mwaka 2014 chama cha American Humanist Association pamoja na wakazi wachache walifungua shauri. Walisema kwamba Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani, yaliyoanza kutumika mwaka 1791, yanaikataza Serikali kuweka dini, na kwamba msalaba wa Serikali barabarani ni dini iliyowekwa. Mahakama ya awali iliwakatalia mwaka 2015, mahakama ya rufani ikawakubalia mwaka 2017, na Mahakama ya Juu ikalimaliza shauri kwa majaji saba dhidi ya wawili: msalaba ubaki pale pale ulipo.

Hukumu kuu iliandikwa na Jaji Samuel Alito. Kwa mpangilio wa insha ningempa alama nzuri. Hoja zake ni nne, nami nitazieleza kwa haki, kwani mwalimu anayesahihisha hoja kabla ya kuielewa humwonea mwanafunzi.

Hoja ya kwanza ni kwamba mnara ukishakuwa wa zamani ni vigumu kujua waliojenga walikuwa na nia gani. Ya pili ni kwamba hata kama nia ya mwanzo ilikuwa moja, nia huongezeka kadiri miaka inavyopita. Watu wa leo huweza kukitunza kitu kwa kuwa ni historia yao, wala si kwa kuwa ni ibada yao. Ya tatu ni kwamba ujumbe wenyewe hubadilika. Baada ya vita ile, safu za misalaba meupe juu ya makaburi ya Ufaransa ziliufanya msalaba uwe alama ya waliokufa kwa ajili ya nchi. Ya nne ni kwamba kitu kikishazoeleka, kukiondoa hakuonekani tena kuwa ni kutopendelea upande, bali ni uadui dhidi ya dini.

Hoja ya nne ndiyo nzito kuliko zote, na yeyote anayependa Serikali isiyo na dini anapaswa kuibeba kabla hajaitupa. Serikali inayopita mitaani na nyundo ikibomoa misalaba haitaaminika tena iwaambiapo wananchi kwamba haina upande. Na hapa lazima niseme kwamba walioshitaki walikosea. Waliomba msalaba uondolewe, au ubomolewe, au ukatwe mikono ili ibaki nguzo tupu. Nilipofika kwenye neno hilo la kukatwa mikono niliweka kalamu chini. Mimi ni mtoto wa katekista. Hukumu inataja pia mama mmoja aliyeandika barua mwaka 1920 akisema kwamba mwanawe alifia Ufaransa, na kwamba yeye aliuona msalaba ule kuwa kwa namna fulani ndilo jiwe la kaburi lake. Mtu anayetaka kuuondoa mnara kama huo na aanze kwa kumsikiliza mama huyo, asianze kwa msumeno.

Baada ya kusema hayo yote, naona hukumu ile haisimami, na nitaeleza kwa nini.

Kosa la kwanza ni kwamba ili kuuokoa msalaba, mahakama iliuondolea kwanza uzito wake. Hukumu inakiri kwamba msalaba ni alama ya Ukristo, kisha inatumia kurasa nyingi kutuonyesha jinsi ulivyopata maana nyingine za kawaida: historia, mandhari, kumbukumbu. Kwa anayeuamini msalaba, hiyo ni hasara kubwa kuliko ile wanayoipata wasiouamini. Alama ya wokovu imeruhusiwa kukaa barabarani kwa masharti kwamba isihesabiwe sana kuwa alama ya wokovu. Kama baba yangu angekuwa hai nikamsomea kurasa zile, sidhani kama angewashukuru majaji kwa ushindi wa namna hiyo.

Lakini msalaba haukubali kuwa kitu kingine kwa amri ya mahakama. Marehemu Jaji Ruth Bader Ginsburg, aliyeandika maoni ya kupinga akiungwa mkono na Jaji Sonia Sotomayor, alilisema jambo hili kwa mfano rahisi: kama vile Nyota ya Daudi isivyofaa kuwaheshimu Wakristo waliokufa vitani, ndivyo msalaba usivyofaa kuwaheshimu waliokufa wakiwa na imani nyingine. Yeye mwenyewe alikuwa Myahudi. Aliwakumbusha wenzake pia kwamba kwenye makaburi yale yale ya Ufaransa, Wamarekani waliweka misalaba juu ya Wakristo na Nyota ya Daudi juu ya Wayahudi.

Hapo ndipo ninapoiona tofauti ambayo hukumu kuu iliipita haraka mno, nayo ni tofauti kati ya kaburi na njia panda. Juu ya kaburi, alama humsemea aliyelala chini yake, na jamaa zake ndio walioichagua. Kwenye njia panda ya umma hakuna aliyelala chini. Pale alama humsemea mwenye kiwanja, na mwenye kiwanja ni Serikali, yaani watu wote. Mama yule wa mwaka 1920 alikuwa na haki kamili ya kumwekea mwanawe msalaba. Swali ni kama jirani yake asiye Mkristo, anayelipa kodi ya kuutunza msalaba huo, anahesabiwa naye kuwa mmoja wa wenye barabara.

Kosa la pili liko kati ya hukumu hii na nyingine ya mahakama ile ile. Mwaka 2009 ilikuja kesi ya mji wa Pleasant Grove, jimbo la Utah. Katika bustani ya mji huo lilikuwapo jiwe la Amri Kumi. Wafuasi wa dini moja ndogo iitwayo Summum waliomba nao waweke jiwe lenye mafundisho yao. Mji ulikataa, na majaji wote waliukubalia mji, kwa sababu kwamba mnara wa kudumu katika bustani ya umma ni kauli ya Serikali, na Serikali huchagua la kusema. Aliyeandika uamuzi huo ni Jaji Alito huyo huyo. Basi na tuziweke hukumu mbili mezani pamoja. Dini ndogo ilipotaka kusimamisha jiwe lake iliambiwa, hapa ni Serikali inayosema. Wasio Wakristo walipouliza kwa nini Serikali inasema msalaba, waliambiwa kwamba msalaba ule una maana nyingi, tena ni wa zamani. Mwanafunzi akinipa majibu mawili ya namna hiyo katika mtihani mmoja, ningemwita ofisini.

Huenda mtu akaniuliza: watu wa mwaka 1925 wangewakumbuka vipi wafu wao bila alama ya dini, ilhali hiyo ndiyo lugha ya msiba waliyoijua? Jibu liko Dar es Salaam. Mwaka 1927, miaka miwili tu baada ya msalaba wa Bladensburg, Waingereza walizindua sanamu ya Askari, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson, mahali palipokuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, iliyoondolewa mwaka 1916. Vita iliyokumbukwa ni ile ile. Waafrika waliokufa katika vita hiyo walikuwa Waislamu, Wakristo, na watu waliofuata mila za wazee wao. Askari yule wa shaba ameshika bunduki yenye singe, ameielekea bandari. Chini yake yapo maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Hakuna msalaba wala hilali.

Sisemi kwamba waliomweka pale walikuwa watu wema. Walikuwa wakoloni, na mfalme wao ndiye aliyekuwa mkuu wa Kanisa lao. Hata hivyo walijua ni akina nani waliokufa, wakatafuta umbo ambalo kila mfiwa angeweza kusimama mbele yake bila kujiona mgeni. Kasoro ya sanamu yetu iko kwingine: haina jina hata moja. Wapagazi waliokufa kwa njaa na maradhi wakibeba mizigo ya jeshi wamebakiwa na jina la mtaa tu, Kariakoo, lililotokana na jina la Kiingereza la kikosi chao. Mama wa Bladensburg alilikuta jina la mwanawe kwenye shaba. Mama wa Tabora au wa Songea hakulikuta popote. Kwa hiyo ningeulizwa mnara wa wafu wote uweje, ningesema uwe na majina kama ya Bladensburg na umbo kama la Askari.

Nchi yetu ilichagua njia hiyo kwa maandishi. Ibara ya 3 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inaitaja nchi kuwa haina dini, na ibara ya 19 inamlinda kila mtu katika imani yake. Hatukukusudia kumfukuza Mungu. Wimbo wetu wa taifa unamtaja pasipo kutaja dini yoyote, na katika sherehe za kitaifa sheikh na askofu huitwa wote wawili kuomba dua. Wengine husema kwamba kama dua zinaruhusiwa, basi na mnara uruhusiwe. Hawajaona tofauti. Sheikh akimaliza hurudi kuketi, na askofu akapata zamu yake. Mnara wa zege hauketi, wala haumpi mwenzake zamu.

Sasa niifikie barua yangu.

Chuo cha ualimu nilichokiongoza kilijengwa na wamisionari. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 Serikali ilizitwaa shule na vyuo vingi vya mashirika ya dini ili watoto wa dini zote wapate nafasi sawa, na chuo chetu kilikuwa kimojawapo. Nilipokabidhiwa ofisi niliisoma orodha ya mali ya siku ya makabidhiano: vitanda, magodoro, madawati, ng'ombe wa maziwa wanane, kinanda kibovu, hata masufuria ya jikoni. Msalaba haukuandikwa. Ulikuwa wa saruji, mrefu kama mtu mmoja na nusu, mbele ya jengo la utawala, na kwenye kitako chake yalikuwapo majina ya wamisionari wawili waliokufa kwa homa. Hatua chache kutoka hapo Serikali ilikuwa imesimika mlingoti wa bendera. Kila asubuhi wanachuo walipanga mstari wakavielekea vyote viwili, bendera na msalaba, wakaimba wimbo wa taifa.

Mwaka 1988 mwanachuo mmoja wa kike, kutoka pwani ya kusini, aliniandikia barua ya ukurasa mmoja kwa mwandiko safi. Alisema kwamba yeye na Waislamu wenzake wanawaheshimu waliojenga chuo, ila wanaona uzito kila siku kuimba wimbo wa nchi yao huku wameuelekea msalaba. Aliomba mstari wa asubuhi uhamishiwe upande wa kiwanja cha mpira. Basi.

Nilimjibu kwa kurasa mbili za mashine ya chapa, na nakala ya kaboni ninayo hadi leo. Nilimwambia kwamba msalaba ule ni wa kale na hakuna ajuaye kwa yakini waliojenga walikusudia nini. Nilimwambia kwamba kwa sasa ni kumbukumbu ya waasisi wa chuo, wala si chombo cha ibada. Nilimwambia kwamba tangu Serikali ikitwae chuo, miaka kumi na minane, hakuna aliyewahi kulalamika. Nilimwambia kwamba kuubadili utaratibu kungetafsiriwa kuwa chuki dhidi ya Wakristo. Nikamalizia kwa kumshauri ashughulike na masomo yake. Niliisoma barua ile mara mbili kabla ya kuitia sahihi, nikaona imekaa vizuri sana.

Miaka thelathini na moja baadaye niliyakuta maneno yale yale, yaliyopangwa na jaji kwa ustadi unaozidi wangu. Ndipo nilipoweza kuyasahihisha, kwa sababu nilijua yalitoka wapi nilipoyaandika mimi.

Hebu tulitazame hilo la ukimya. Mwaka 2005 mahakama ile ya Marekani iliamua kesi mbili za Amri Kumi katika siku moja, tarehe 27 Juni, kila moja kwa majaji watano dhidi ya wanne. Huko Kentucky, Amri zilizotundikwa miaka ya karibuni katika majengo ya mahakama zilikataliwa. Huko Texas, jiwe lililowekwa katika viwanja vya Bunge la jimbo mwaka 1961, mwaka ule ule tuliopata Uhuru wetu, likaruhusiwa. Jaji Stephen Breyer, ambaye kura yake ndiyo iliyoamua pande zote mbili, aliona uzito katika jambo hili, kwamba jiwe la Texas lilikuwa limekaa miaka arobaini bila mtu kulipinga mahakamani.

Nami nilikuwa na miaka kumi na minane yangu ya ukimya. Sikujiuliza ukimya ule ulitokana na nini. Mwanachuo aliyetaka kulalamika alihitaji ripoti ya tabia, na ripoti hiyo iliandikwa na mimi. Mkufunzi aliyetaka kulalamika alihitaji nimpendekeze kupandishwa cheo. Waislamu walikuwa wachache, wametoka mbali, na wazazi wao walikuwa wameuza korosho na nazi ili wapate nauli. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilikilalia kitanda kile kwa raha, nikauchukua usingizi wangu kuwa ushahidi kwamba hakina kunguni.

Na hilo la kwamba msalaba ule haukuwa wa ibada, msomaji wangu, lilikuwa si kweli, na nilijua si kweli. Kila Ijumaa Kuu sisi Wakristo wa chuo tulikusanyika pale pale, na mwaka ule ule wa 1988 mimi ndiye niliyesoma somo la mateso. Jumatatu mpaka Ijumaa msalaba ulikuwa kumbukumbu ya kihistoria. Siku yetu ilipofika ukawa msalaba. Sababu halisi ya kukataa kwangu sikuiandika katika barua. Niliwaogopa waumini wenzangu. Niliogopa itasemwa kanisani kwamba Mkuu wa Chuo, mtoto wa katekista, amewauzia Waislamu msalaba.

Mwaka 2021 nilikutana na mwanachuo yule msibani, kwa mkufunzi mwenzangu wa zamani. Sasa alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya Serikali, mama wa makamo, mtandio wake mweupe. Aliniamkia, "Shikamoo Mwalimu," nikaitika, na baada ya mazishi tukakaa chini ya mwembe. Nikamuuliza kama anaikumbuka barua yangu. Alicheka.

"Naikumbuka, Mwalimu. Ulinijibu kana kwamba niliomba msalaba uvunjwe. Mimi niliomba tusogee tu."

Kisha akanisimulia jambo la shuleni kwake. Mzee aliyekuwa ametoa ardhi ya shule ile alifariki, na wazazi, ambao wengi wao ni Waislamu, walichanga fedha kumjengea lango la kumbukumbu. Lango liwe na jina lake, na juu yake hilali. Saruji ilikwisha kununuliwa. Yeye aliita kikao, akawaambia, "Wazee wangu, jina la marehemu tuliandike kubwa, maana ardhi yake wanaisoma watoto wote. Hilali ni yetu sisi tu, na shule hii si yetu sisi tu." Walikuwapo pale shuleni watoto kumi na mmoja wa dini nyingine. Baadhi ya wazee walitoka kikaoni wamekasirika, na kwa miezi kadhaa alisemwa vibaya. Mwishowe lango lilijengwa na jina tu, na hilali ikawekwa kwenye msikiti ulio ng'ambo ya barabara, ambako marehemu alikuwa akiswali.

"Si kwamba nina elimu kubwa ya Katiba," akaniambia. "Nilikumbuka nilivyokuwa nikisimama mstarini."

Nilirudi nyumbani nikayafungua tena maoni ya Jaji Ginsburg, maana nilikumbuka kwamba kuelekea mwisho kuna maneno niliyoyapigia mstari. Anasema kwamba kuona kosa si lazima kuishie katika kubomoa. Mnara unaweza kuhamishiwa ardhi ya watu binafsi, au Serikali ikakikabidhi kiwanja na mnara wake kwa wenyewe. Katika jangwa la Mojave, California, upo msalaba uliosimikwa mwaka 1934 kuwakumbuka askari wa vita ile ile, na mgogoro wake ulimalizwa mwaka 2012 kwa kubadilishana ardhi na chama cha askari wastaafu. Bladensburg nako, American Legion ingali hai. Ingeweza kurudishiwa ulichojenga mkono wake. Mama wa mwaka 1920 asingepoteza jiwe lake, na Serikali ingeacha kusema msalaba kwa fedha za wote. Mwanachuo wangu alikuwa ameliona jibu la namna hiyo akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Kwamba msalaba usiguswe, Serikali ndiyo isogee.

Msimamo wangu basi ni huu. Serikali isisimamishe mnara wa dini yoyote katika ardhi yake, hata kama walio wengi wanautaka, na hasa kama walio wengi wanautaka. Ile ya zamani isivunjwe, kwa kuwa iliwekwa na watu waliopenda na waliofiwa. Wapewe wenyewe pamoja na kiwanja chake, na kama haiwezekani, basi bendera, mstari na sherehe za nchi viondoke mbele yake. Na tusiwaambie wachache kwamba alama yetu si ya dini ili watuvumilie. Hayo ni maneno ya kumdanganya jirani na kumkana Bwana kwa wakati mmoja, nami ninayasema nikiwa nimeyatia sahihi.

Mjukuu wangu aliniuliza hukumu ile nimeipa alama ngapi. Nilimwambia kwamba lugha ni nzuri, mpangilio ni mzuri, ila aliyeiandika hakusimama hata mara moja mahali alipokuwa amesimama mwenye kulalamika, na kwa kosa hilo mimi pia nilifeli.

Chuo kile bado ni cha Serikali, na msalaba bado upo mahali pake. Mwaka jana nilimwandikia mkuu wa sasa barua ya ukurasa mmoja, nikamwomba jambo moja tu, kwamba mlingoti wa bendera uhamishiwe upande wa kiwanja cha mpira. Jibu halijaja. Siwezi kumlaumu, maana jibu langu mimi kwa barua ya namna hiyo lilikuja haraka, na ndilo hili ninaloendelea kulisahihisha.